Maharage Yamegoma Kuiva: Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Jikoni Huku Arusha na Moshi

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu aliolewa, akatoka Tanga kuja kuishi na mumewe hapa Arusha. Wiki ya pili akanipigia simu saa mbili usiku, sauti imemlegea. "Shikamoo shangazi. Maharage nimeyabandika tangu saa tisa mchana, mpaka sasa hivi yanagonga meno, na wageni wameshakaa." Nikamuuliza ameweka nini humo ndani. Akanitajia: kitunguu, nyanya nne, karoti, chumvi, kiungo cha paketi, halafu chumvi tena. Kila alipoonja akakuta bado, aliongeza kitu.

Binti huyu anajua kupika. Nimekula wali wake wa nazi kwao na sikuona kasoro. Kilichomwangusha ni mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kumwambia: maji ya huku hayachemki kama ya pwani, na nyanya huzuia maharage kuiva. Nimeingia majiko mengi ya Arusha na Moshi, na hili ndilo ninalolikuta mara kwa mara. Chakula kikikataa, mkono unakimbilia kopo la viungo, wakati tatizo liko kwenye maji, kwenye moto, au kwenye kipi kilitangulia kuingia sufuriani. Kwa hiyo nimeandika kwa kufuata dalili. Tazama kwanza unachokiona, ujue kimeletwa na nini, ndipo uguse kopo.

Kabla ya yote: maji ya huku

Moshi mjini ipo kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji inapungua, kwa hiyo yanatokota kabla hayajafika nyuzi 100. Tanga na Dar es Salaam maji hutokota kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Moshi ni kama 97. Arusha ni kama 95. Ukipanda Marangu mpaka lango la hifadhi ya mlima, zaidi ya mita 1,800, unabaki na kama 94.

Nyuzi tano zinaonekana kidogo, lakini kwa punje ya maharage, mahindi ya makande au kongoro la ng'ombe ni tofauti kubwa, kwa sababu vyote hivyo vinaivishwa na joto la maji tu. Na hapa kuna jambo linalowamalizia watu gesi bure: kuongeza moto hakuyafanyi maji yawe na joto zaidi. Yanatokota kwa fujo, yanarukia jiko, yanakauka upesi, ila ni nyuzi 95 zile zile. Yakishatokota, shusha moto mpaka yawe yanachezacheza tu, funika, uyape muda. Kinachoweza kupandisha joto lenyewe ni presha kuka, kwa kuwa inaubana mvuke usitoke. Kama kuna chombo kimoja ambacho ningemshauri mtu wa Arusha akinunue kabla ya friji, ni hicho.

Mafuta hayamo katika hesabu hii. Mafuta ya kukaangia yanapata joto hapa kama yanavyopata pwani, kwa hiyo maandazi yakiharibika usiusingizie mlima. Nitayafikia.

Maharage yamechemka nusu siku, bado magumu

Chukua punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, ziweke kwenye kijiko, uzipulizie. Zilizokaribia kuiva ganda lake linajikunja na kubanduka papo hapo. Kisha bana moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vitakuambia mengi kuliko saa ya ukutani.

Kama zote tano ni ngumu sawasawa, sababu ni muda au umri. Maharage mapya yaliyolowekwa usiku kucha, kwenye sufuria la kawaida hapa Arusha, huwa nayapa saa mbili na kitu. Yasiyolowekwa nayapa tatu au zaidi. Umri ni jambo jingine. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevunyevu hubadilika ndani, na hapo hata uyachemshe mpaka jua lizame hayalainiki vizuri. Stoo yenye bati la moto kule Moshi tambarare inayazeesha haraka kuliko ghala la baridi la Machame. Ukiwa sokoni Kilombero au Mbuyuni, yatie mkononi uyatazame: mapya yanang'aa, rangi yake iko hai, ya zamani yamefifia, mengine yamekuwa na weusi wa uchovu. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Muuzaji mzuri hakufichi, anataka urudi.

Kama punje mbili ni laini na tatu ni mawe, umeuziwa mchanganyiko, ama wa zamani na mapya, ama wa mbegu tofauti. Ukanda huu una mbegu nyingi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Lyamungu, Kilimanjaro, na kile cha Selian, Arusha, vimetoa kadhaa, na namba iliyo kwenye jina ni mwaka ilipotoka: Lyamungu 85, Lyamungu 90, Selian 94, Selian 97. Kila mbegu ina ukubwa wake na muda wake wa kuiva. Ukizitia sufuria moja, zile za haraka zitapondeka wakati nyingine bado. Chambua kwa rangi na ukubwa wakati unatoa mawe, uchemshe aina moja.

Kama ndani pamelainika lakini ganda linabaki gumu kama karatasi, mtazame aliyetangulia kuingia. Nyanya, ndimu, ukwaju, kitu chochote kichachu, hulikaza ganda. Maji magumu yenye madini mengi hufanya hivyo hivyo. Unayajua maji ya namna hiyo kwa utando mweupe unaobaki ndani ya birika. Kanuni yangu haina nafasi ya majadiliano: maharage yachemke peke yake mpaka yapondeke, ndipo yaungwe. Nyanya inakuja mwisho.

Chumvi nayo imesingiziwa sana. Mama zetu walituambia chumvi inayafanya magumu, nami niliamini miaka mingi. Nilipojaribu kuloweka bakuli mbili, moja kwa maji matupu na nyingine kwa kijiko cha chai cha chumvi katika kila lita, yale ya chumvi yaliiva na maganda laini zaidi, na hayakupasuka ovyo. Tangu siku hiyo naloweka kwa chumvi saa nane hadi kumi na mbili, namwaga yale maji, nachemsha kwa maji mapya.

Na magadi? Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kwetu magadi ni chakula cha nyumbani. Kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, bila magadi hakina ile ladha. Magadi yanalainisha maharage kwa kweli, yanavunja kile kinacholishikilia ganda. Lakini yakizidi, mchuzi unakuwa na utelezi na ladha ya sabuni, na baadhi ya vitamini za kundi B zinaharibika. Zaidi ya hapo, magadi ya mabonge ya ukanda wetu yanaweza kuwa na madini mengi ya floraidi. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru nayo yana floraidi iliyopita kiasi, mpaka kuna kituo cha utafiti Ngurdoto kilichowekwa kwa kazi ya kuiondoa majini. Yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto wa huku yanatoka hapo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua, iliyobaki inazidi kukolea. Kwa hiyo nyumbani kwenye watoto wadogo, acha magadi ya mabonge. Ukilazimika, tumia ncha ya kijiko ya magadi soda ya dukani, basi. Kuloweka na presha kuka vinafanya kazi ile ile bila madhara hayo.

Jingine la usalama: maharage mabichi yana sumu ya asili, hasa yale mekundu makubwa, na inaondoka kwa kuchemka kwelikweli. Usile yaliyo nusunusu ukasema tumbo litamalizia. Mimi huyapa dakika 30 za kutokota vizuri hata kabla ya kuyahamishia kwenye kapu la kutunza joto, kwa sababu ndani ya kapu joto linashuka na sumu inaweza kubaki.

Yule binti nilimwambia achuje mchuzi wake wote auweke pembeni, ayaoshe maharage, amimine maji ya moto (si ya baridi, ya baridi yanakatisha mchemko na kukurudisha nyuma), ayabandike tena yakiwa peke yake. Wageni usiku ule walikula wali na mchicha. Saa nne akanitumia picha ya kijiko, ganda limejikunja. Ule mchuzi wa nyanya ulirudi sufuriani kesho yake mchana, na hakuongeza chumvi hata punje.

Wali: juu una kiini, katikati bokoboko, chini umeungua

Hali zote tatu katika sufuria moja zina chanzo kimoja, nacho ni moto usiosambaa. Naiona sana kwa wanaohama kutoka mkaa kwenda gesi, na wanahama wengi, kwani mpango wa serikali ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkaa ulikuwa unakusaidia bila wewe kujua. Ulianza na moto mkali, ukapoa taratibu wenyewe, na ukipalia makaa machache juu ya mfuniko joto lilitoka pande zote mbili. Gesi haipoi yenyewe. Inapiga katikati ya sufuria jembamba, pale chini panaungua huku pembeni na juu hapajapata kitu.

Dawa yake iko kabatini kwako tayari: kikaangio cha chuma cha kupikia chapati. Maji yakishakaribia kukauka na vishimo vikaonekana juu ya wali, weka kikaangio juu ya jiko, sufuria juu ya kikaangio, moto wa mwisho kabisa, dakika 20. Chuma kinagawa joto. Usifunue. Kila ukifunua kuangalia, unatoa mvuke ambao ndio ulikuwa unaivisha punje za juu.

Maji je? Hakuna kipimo kimoja, na anayekupa kimoja bila kukuuliza ni mchele gani hajakusaidia. Mchele mpya, kama ule unaotoka mashamba ya umwagiliaji ya Chekereni na Mabogini kusini mwa Moshi wakati wa mavuno, bado una unyevu ndani. Kikombe kimoja kinatosheka na kikombe kimoja na nusu cha maji, wakati mwingine pungufu. Mchele uliokaa ghalani karibu mwaka unaweza kunywa vikombe viwili. Ukinunua gunia au hata kilo tano, pika kwanza kikombe kimoja peke yake ukipime. Ukishakipata kipimo cha gunia hilo, kiandike kwa kalamu juu ya kiroba.

Wali umeshakuwa na kiini? Nyunyizia maji ya moto kidogo, kama robo kikombe, toboa matundu kwa mpini wa mwiko, funika na kitambaa safi chenye unyevu chini ya mfuniko, rudisha juu ya kikaangio. Usitumie mfuko wa nailoni. Najua wengi wanaufunika wali kwa nailoni, lakini plastiki ile haikutengenezwa kwa ajili ya mvuke wa chakula. Ukiwa bokoboko tayari, hakuna kuurudisha. Uongezee maziwa au tui, uwe bokoboko la makusudi kwa watoto.

Harufu ya kuungua nayo inaenea kwa kukoroga. Ukiisikia, epua mara moja, hamisha wali wa juu kwenye chombo kingine bila kukwangua. Ukoko uache ulipo.

Mtori: mweusi, una ukakasi, au unavutika kama gundi

Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni chakula cha mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua, kitu cha kwanza kinachopelekwa chumbani kwake ni bakuli la mtori mwepesi wa kunywa, na bibi zetu walikuwa wakiupima kwa kuumimina kutoka kwenye upawa: uteremke bila kukatika, wala usitawanyike kama maji. Kwa hiyo ukiharibika, nyumba nzima inajua. Nitaueleza kwa kirefu.

Weusi unatokana na ndizi kukutana na hewa. Ndizi mbichi iliyomenywa ikikaa wazi dakika chache tu inaanza kuwa ya kijivu. Kisu cha chuma kinachoshika kutu kinazidisha, kwa sababu utomvu wa ndizi na chuma vikikutana vinatoa weusi. Tumia kisu kisichoshika kutu, paka mikono mafuta (utomvu hautaganda kwenye vidole), na kila ndizi unayomaliza kumenya iangukie moja kwa moja kwenye bakuli la maji yenye matone ya ndimu. Maji hayo umwage kabla ya kupika.

Ukakasi, ule unaokausha ulimi na kukunja mashavu, unatokana na ndizi changa au ndizi isiyo yake. Mtori unataka mshare, iliyokomaa lakini bado mbichi. Wageni wengi wa mji wanapewa ndizi yoyote ya kijani sokoni wakiambiwa "hizi ni za kupika". Ni kweli ni za kupika, lakini si za mtori. Sema jina: mshare. Ndizi iliyokomaa imejaa, pembe zake zimelainika. Changa ina pembe kali unazozisikia kwa kidole. Ukakasi ukiwa umeshaingia sufuriani, siagi au maziwa yanaupunguza kiasi. Sukari haitakusaidia.

Utamu usiotakiwa ni ndizi iliyoanza kuiva. Hata moja tu ikichanganyika na kumi, utaisikia. Bonyeza kila moja.

Sasa gundi. Hili limekuja na blenda. Ndizi mbichi imejaa wanga, na visu vya blenda vinaupasua kwa kasi mpaka unaachia ute, mtori unavutika kama gundi ya fundi. Ponda kwa mwiko, ukiegemeza kwenye ukingo wa sufuria, wakati ndizi zikiwa za moto. Zikipoa zinashika mabonge ambayo hutayavunja. Ponda kwanza, kisha ongeza supu kidogo kidogo huku ukikoroga. Anayemwaga supu yote kwa pamoja anapata mabonge yanayoelea, halafu ndipo anakimbilia blenda.

Mifupa ipikwe mwanzo peke yake, mpaka nyama iachie mfupa. Wanaochemsha nyama na ndizi kwa pamoja wanapata ndizi zilizovurugika na nyama isiyotafunika, maana vitu hivi havina muda mmoja wa kuiva, hasa huku juu. Na ukitaka kuweka maziwa, epua kwanza, acha mtulio wa dakika mbili, mimina maziwa ya uvuguvugu. Mtori wenye nyanya ukiutia maziwa baridi ukiwa unatokota, yatakatika, utaona chembechembe nyeupe zinaelea. Haudhuru, lakini mzazi hataupenda.

Nyama ya ng'ombe haitafuniki

Tofautisha ugumu wa aina mbili. Nyama inayovutika kama mpira, unaitafuna inarudi, ina mishipa na utando ambao haujayeyuka: endelea kupika, moto mdogo, mfuniko umekaza, supu ifunike nyama. Nyama iliyokauka, inayochanikachanika kama nyuzi za katani, imepita. Hiyo ilikuwa steki laini ikachemshwa kama kongoro, na muda zaidi utaiharibu zaidi. Ikate vipande vidogo, itie kwenye rojo.

Nyama iliyochinjwa alfajiri na kupikwa saa nne asubuhi nayo hukakamaa. Iache mahali pa baridi mpaka kesho yake kama unaweza. Papai bichi linalainisha kweli, lakini nusu saa inatosha. Ukiisahau usiku kucha nyama ya juu inageuka ujiuji.

Ikiwa unakaanga na nyama inajaa maji badala ya kubadilika rangi, umeijaza sufuria. Kaanga kwa mafungu.

Maandazi hayaumuki, chapati zinakuwa ngao

Kuanzia Juni hadi Agosti simu za aina hii zinakuwa nyingi. Asubuhi za Arusha miezi hiyo joto linashuka chini ya nyuzi 15, na hamira ni kiumbe hai, baridi inailaza. Aliyezoea kukanda saa kumi na moja alfajiri na kukaanga saa moja, mwezi Julai donge lake bado liko vile vile, na anadhani hamira imekufa. Ipime: kijiko cha hamira, kijiko cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu unayoweza kushikilia kidole bila kushtuka. Baada ya dakika 10 hadi 15 kuwe na povu. Hakuna povu, hamira ndiyo mbovu, tupa. Kuna povu, tatizo ni chumba. Weka bakuli la donge ndani ya sufuria kubwa lenye maji ya uvuguvugu, funika kwa kitenge, ongeza muda. Maji ya moto sana yanaiua hamira kabisa, na hilo ndilo kosa la wengi wanaotaka kuishinda baridi.

Maandazi yakinywa mafuta mpaka yanachuruzika, mafuta yalikuwa baridi. Yakiwa meusi nje na mabichi ndani, mafuta yalikuwa na moto kupita kiasi. Tupia kipande kidogo cha donge: kizame kidogo, kisha kiibuke juu ndani ya sekunde chache kikiwa na mapovu pande zote. Hapo ndipo.

Chapati ngumu ina sababu tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja: donge kavu, donge lisilopumzishwa, na kikaangio cha moto mdogo kinachoikausha chapati badala ya kuiivisha. Donge liwe laini mpaka likaribie kunata, lipumzike nusu saa limefunikwa, kikaangio kiwe na moto wa kutosha chapati ipate madoa ndani ya dakika moja. Ukiepua, zifunike pamoja zikiwa za moto.

Na keki iliyopanda vizuri ikadidimia katikati: huku juu hewa ni nyepesi, beking pauda inavimbisha haraka kabla unga haujashika. Kama maelezo unayoyafuata yameandikwa kwa watu wa pwani, punguza beking pauda kidogo na ongeza kijiko au viwili vya unga.

Ugali wenye mabuja

Maji hayakuwa yametokota, au unga uliingia mwingi kwa mkupuo. Anza na uji mwepesi, uache utokote dakika chache mpaka urushe, ndipo ujaze unga na kusonga. Dona linataka muda zaidi ya sembe, na hapa Arusha huwa naupa ugali wa dona dakika tano za ziada umefunikwa, moto mdogo, baada ya kusonga. Ukinusa bado unasikia unga mbichi, haujaiva, hata kama mkono umechoka.

Mchuzi mchungu, mchachu, au wa chumvi

Uchungu: kitunguu saumu kiliungua. Kinaungua ndani ya nusu dakika, kwa hiyo kiingie baada ya kitunguu maji kubadilika rangi. Kikiwa cheusi, mwaga, anza upya. Hasara ni kijiko cha mafuta tu.

Uchachu: nyanya hazijaiva. Watu wanaongeza sukari, lakini subiri. Kaanga nyanya mpaka mafuta yajitenge na kuonekana pembeni, uchachu mwingi unaondoka wenyewe.

Chumvi ikizidi, kiazi kinachotupwa ndani kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, hakichagui chumvi peke yake. Ongeza kile ambacho hakina chumvi: maji, nyanya, maharage yasiyoungwa, tui. Kiungo cha paketi kina chumvi nyingi ndani yake. Kama unakitumia, chumvi iwe ya mwisho na uonje kwanza.

Mnafu mchungu, loshuu ya kijivu

Mnafu una uchungu wake wa asili na wanaoupenda wanaufuata huo. Ukitaka upungue, chemsha dakika chache, mwaga maji hayo, kisha unga kwa maziwa au karanga. Chagua majani machanga. Mboga ya majani kuwa ya kijivu ni kupikwa muda mrefu ikiwa imefunikwa. Loshuu na sukuma ziive mfuniko ukiwa wazi, moto mkali, ziepuliwe zikiwa bado za kijani.

Maharage ya jana yana povu asubuhi

Sufuria kubwa lililofunikwa likiwa la moto hubaki na uvuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu huo ndio vijidudu vinaupenda. Januari na Februari kule Moshi, joto likiwa kali, nimeona maharage yakichacha kabla ya alfajiri. Usiku kabla ya kulala yagawe kwenye bakuli pana ili yapoe upesi, kisha yaingie kwenye friji. Kama huna friji, ondoa kwanza kitunguu na nyanya kwenye mpango wako: chemsha maharage matupu, unga kiasi cha mlo mmoja tu, yaliyobaki yachemshe tena yatokote kabla ya kulala, na tena asubuhi na mapema. Yakishatoa povu na harufu ya uchachu, kuyachemsha upya hakuyaponyi, maana baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu hazivunjwi na maji ya nyuzi 95. Yamwage, uoshe sufuria kwa maji ya moto, na uloweke mengine kwa ajili ya kesho.